Ukanda wa Tyubu Mguuni Mwangu

Ngozi ya mguu wangu wa kushoto, kuanzia chini ya goti mpaka karibu na kifundo, haioti nywele. Si ya pale. Ilitolewa pajani ikashonwa hapo, na mpaka leo nikijikuna nahisi najikuna mguu wa mtu mwingine. Siku za ukavu natembea bila fimbo, kwa hiyo msomaji usinihurumie sana. Nayasimulia haya kwa ajili ya watu wawili: yule aliyekaa kwenye benchi la hospitali na kidonda kisichotaka kufunga, na yule anayeshika chenso ya betri, yaani msumeno wa mnyororo, akidhani kwamba kwa kuwa haipigi kelele basi haina meno.

Naitwa Magesa. Kazi yangu ni kukata miti, si ya porini, bali ile inayoinamia mapaa ya watu hapa Musoma. Bweri na Nyakato nyumba mpya zinasimama kila siku, na kila mwenye nyumba akishapaua ndipo anagundua kwamba mjohoro aliouacha kwa ajili ya kivuli unataka kumwangukia. Hapo ndipo tunaitwa. Tulikuwa wawili, mimi na Matiku.

Matiku kwangu si rafiki tu. Tulitahiriwa asubuhi moja kule kwetu Nyamuswa, tumesimama bega kwa bega. Mimi ni shahidi kwamba yeye hakupepesa jicho, naye anapaswa kuwa shahidi wangu, ingawa akinywa kidogo hudai mimi nilipepesa. Kwetu watu waliosimama pamoja namna hiyo hawashtakiani kwa watu wa nje, wala hawaanikani mbele ya wake zao. Wakikoseana wanakaa wenyewe, wanachinja mbuzi, wanayamaliza na hakuna mwingine anayejua. Nilikulia ndani ya jambo hilo na sikuwahi kulitilia shaka.

Miaka mingi tulitumia chenso ya petroli. Ilikuwa na kelele za kuudhi mtaa mzima, lakini ilikuwa na uzuri mmoja: ikizimika, unajua imezimika. Anayemkabidhi mwenzake alikuwa anasema neno moja tu, "Imelala," na mwenzake anapokea. Halafu tukaanza kupata kazi karibu na shule, karibu na makanisa, kwenye nyumba zenye wagonjwa ndani, na watu wakawa hawataki ule mngurumo. Tukanunua ya betri.

Karatasi ya maelekezo ilikuwa ya Kiingereza. Mke wangu, Mama Wegesa, anafundisha chekechea hapa Bweri, na ndiye aliyenisomea, jioni mbili mfululizo, kidole kikiwa juu ya mstari na mimi nikirudia kama mtoto wa darasa lake. Alinisomea kwamba betri isiachwe juani wala kwenye mvua, na isichajiwe ikiwa bado ina moto wa kazi. Kwamba mafuta ya mnyororo yaangaliwe kila unapobadilisha betri, maana chenso hii haina moshi wa kukuonya mnyororo ukianza kuungua. Kwamba mnyororo ukilegea ukaning'inia chini ya bapa, yaani kile chuma kirefu unachozungukia, usimame uukaze, ila usiukaze mpaka ukakataa kuvutika kwa vidole. Kwamba kuna kitufe cha usalama cha kubonyeza kwa gumba, na bila kukibonyeza kwanza triga ya kuzungushia mnyororo haifanyi kitu. Kwamba breki ya mbele isukumwe kila unapopiga hatua. Lakini kulikuwa na mstari mmoja alioupigia rula chini kwa kalamu nyekundu.

"Betri nje kwanza, ndiyo mkono unagusa mnyororo," alisoma.

"Betri nje kwanza," nikarudia.

"Niapie."

"Sasa mama, niape kwa chenso?"

"Niapie kwa Wegesa."

Wegesa ni mtoto wetu wa kwanza na wa pekee. Nikaapa. Niliapa huku nacheka, lakini niliapa.

Siku ya pili nilimweleza Matiku yote. Alinisikiliza akiwa ameegemea ukuta, mikono kifuani. "Mura, wewe chenso unaisomaga kama Biblia," alisema, akiniita kijana mwenzake kwa lugha yetu. Lakini tulikubaliana. Kwa chenso hii, "Imelala" itakuwa na maana moja tu: betri imeshatoka, na anayekabidhi anamwonyesha mwenzake betri mkononi. Tulifanya hivyo majuma mengi. Baadaye ile ya kuonyeshana ikaanza kupungua, likabaki neno. Mimi nilikuwa nachomoa, naye nilijua anachomoa, kwa sababu ni Matiku.

Masika yalikuwa yameanza. Tulikuwa tunakata mjohoro nyuma ya nyumba moja huku huku Bweri, na ilikuwa zamu ya Matiku. Suruali ya kukatia, ile yenye nyuzi ndani za kukwamisha mnyororo, tulikuwa nayo moja tu, na utaratibu wetu ulikuwa kwamba anayekata ndiye anayevaa. Akashuka kwenye ngazi akasema mnyororo umelegea, hebu ukaze, yeye anakwenda kunywa maji. Akanipa chenso. "Imelala," akasema.

Nilikaa kwenye gogo tulilokuwa tumeshalikata, nikaisimamisha chenso kati ya miguu yangu, bapa likiwa limeegemea muundi wa kushoto. Nikashika mpini wa nyuma ili itulie nitafute spana. Vidole vyangu vikaingia penye triga, kama vidole vya mtu yeyote vinavyoingia. Sikubonyeza kitufe cha usalama. Nina hakika, kwa sababu gumba langu lilikuwa upande wa pili. Lakini mnyororo ulizunguka.

Maumivu hayakuja mara moja. Kwanza ilikuja sauti, halafu suruali ikafunguka, halafu nikaona kitu cheupe ambacho sikutaka kukijua. Nilipodondosha chenso ndipo nikaona betri iko mahali pake. Na juu ya mpini, kitufe cha usalama kilikuwa kimefungwa chini kwa ukanda wa tyubu, tyubu nyeusi ya baiskeli iliyochanwa, ile ile tunayofungia kila kitu huku kwetu, mzigo kwenye bodaboda, mlango wa banda, redio iliyopasuka. Ulizungushwa mara nne na kufungwa fundo lake, fundo la Matiku, lenye kitanzi kimoja kirefu. Alikuwa amekifunga ili akiwa juu ya mti ashike tawi kwa mkono mmoja na kukata kwa mwingine bila kusumbuka na gumba. Aliponikabidhi hakuufungua na hakuniambia.

Alikuja anakimbia. Nataka niseme kweli yote, hata inayomsaidia. Hakupoteza akili. Alichomoa betri, akauvuta ule ukanda kutoka kwenye mpini kwa meno na vidole, akaufunga mguuni mwangu juu ya goti, akaukaza kwa kipande cha mti. Damu ikapungua. Nilikuwa nimelala chali naona yote. Niliona ukanda ukitoka kwenye chenso na kuingia kwenye mguu wangu. Baada ya hapo sikumbuki mpaka hospitali.

Kule hospitali, sista aliyeukata ule ukanda aliuliza nani alifunga. Matiku akajibu ni yeye. "Umemwokoa ndugu yako," sista akasema. Mke wangu alikuwa amesimama pale na chaki bado mikononi. Matiku akamgeukia akamwambia, mbele yangu mimi niliyekuwa nasikia sauti zinatoka mbali, "Shemeji, alikuwa na haraka tu. Aliichomeka betri mwenyewe. Hata sikuwepo, nilikuwa nakunywa maji."

Wiki tatu nililazwa. Mguu ulishonwa, ukavimba, ukafunguliwa, ukanuka. Asiyewahi kunuka mwenyewe hajui upweke ni nini. Jirani yangu wa kitanda alihamishia kichwa chake upande wa miguuni, na sikumlaumu. Mama Wegesa alikuja kila mchana baada ya darasa na uji kwenye chupa. Alinilisha, akanifuta, akabadilisha shuka. Alikuwa haongei. Siku ya tano akasema sentensi moja: "Uliapa kwa mtoto." Ikawa ndiyo mazungumzo yetu kwa muda mrefu.

Mnaweza kuuliza kwa nini sikumwambia palepale. Hata mimi nimejiuliza kwenye mabenchi yote niliyokalia. Nilikuwa nangoja Matiku aseme mwenyewe. Nilidhani ni hofu ya siku ya kwanza, itamwisha. Na zaidi ya hapo, kulikuwa na ile asubuhi ya Nyamuswa. Sikuweza kumtaja mwenzangu wa kisu mbele ya mwanamke, hata mwanamke mwenyewe akiwa mke wangu. Niliporudi nyumbani mara ya kwanza nilikuta Mama Wegesa amemchinjia Matiku jogoo. Jogoo wetu mwekundu. Alimshukuru kwa mikono miwili kwa kunifunga ule ukanda, naye Matiku akala firigisi, ile inayoliwa na mwenye heshima, akaifuta midomo, akasema, "Ningefanyaje shemeji, huyu ni damu yangu." Mimi niliketi mguu juu ya stuli nikaangalia.

Kidonda hakikufunga. Ikawa Jumatatu na Alhamisi ni siku za kufungua bandeji, na maisha yakawa hayana siku nyingine. Unafika asubuhi, unaweka kadi kwenye boksi, unakaa. Unajifunza benchi lipi halina msumari. Unajifunza kumtambua sista kwa viatu vyake kabla hajatokea. Kulikuwa na mmoja aliyekuwa analowesha bandeji kwa maji ya chumvi na kungoja iachie yenyewe, na mwingine aliyekuwa anavuta. Nilikuwa naomba Mungu anipangie wa kwanza, na siku alizonipangia nilirudi nyumbani nimeshiba furaha kwa jambo dogo namna hiyo. Mguu wenyewe ulikuwa unakwisha. Paja lilikonda, suruali zangu zikawa zinapeperuka upande mmoja. Nilizoea kupanda ngazi na chenso begani, sasa nikawa nahema kwa kwenda chooni.

Masika yakaisha. Wakaniambia uchafu umeingia kwenye mfupa. Daktari alikuja na wanafunzi wake, akanigusa bega badala ya mguu, na hapo nikajua. "Mzee Magesa, tunafikiria kukata, chini kidogo ya goti. Ongea na familia, utupe jibu Alhamisi."

Matiku alikuja kunisalimia nyumbani siku iliyofuata na machungwa kwenye mfuko. Mke wangu alikuwa kazini. Tulikaa kwenye ukumbi wa nje, penye upepo wa ziwa, akawa ananimenyea chungwa.

"Mura," nikamwambia, "mwambie mke wangu."

"Nimwambie nini?"

"Ule ukanda ulikuwa wapi kabla ya kuwa mguuni kwangu."

Aliendelea kumenya, ganda likishuka refu bila kukatika. "Magesa, wewe umeshaumia. Tukiumia wawili kuna faida gani?"

"Haongei na mimi, Matiku. Ananihudumia kama mgonjwa wa mtu mwingine."

"Ataongea. Wanawake huwaga wananyamaza halafu wanaongea."

"Na wakinikata?"

"Wakikukata ndiyo kabisa siwezi kusema. Watu wakijua ni mimi, nitaishije Nyamuswa ile?" Akanigawia nusu ya chungwa. "Na wewe usiseme. Tulisimama pamoja."

Nililila lile chungwa. Katika yote niliyoyafanya kwenye ugonjwa huu, hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba nililila na nikasema ahsante.

Aliyekikataa kisu cha daktari ni Mama Wegesa. Hakunijulisha. Alikwenda kuomba ruhusa shuleni, akachukua kadi zangu na picha za mfupa, akapanda basi mpaka Bunda anakokaa dada yangu Bhoke, akamtafuta daktari mwingine aliyesikia anasafisha mifupa. Akarudi na jibu: wajaribu kusafisha kwanza, na isipokubali ndipo wakate. "Sikufanya kwa ajili yako," aliniambia akinifungia mkoba. "Nimefanya kwa sababu Wegesa anauliza baba atarudi na miguu mingapi." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Msimu mzima wa pamba niliumalizia Bunda kwa Bhoke. Nilisafishwa mfupa mara mbili, kisha nikapigwa dripu wiki sita, mishipa ya mikono ikawa migumu kama kamba. Kwenye benchi la Bunda nilikaa na bibi mmoja mkulima mwenye kidonda cha kisukari, ambaye akitaka kwenda chooni alikuwa anaacha ndala moja pale kwenye benchi kushika nafasi, na ole wako uiguse. Alinigawia uji wa ulezi kutoka kikombe chake. Siku moja akaniuliza nilikatwa na nini. Nikaanza kusema, nikasikia mdomo wangu ukitoa maneno haya: "Nilikuwa na haraka tu, nikachomeka betri mwenyewe."

Niliyasema kwa sauti yangu. Yalikuwa yamesemwa sana na watu, na kaka zangu, na Bhoke, na mchungaji aliyekuja kuniombea nisamehewe uzembe, mpaka nikaanza kuiona mikono yangu ikiichomeka ile betri. Nusu ya mguu Matiku alishanichukulia. Sasa Matiku alikuwa ananichukulia na kumbukumbu. Nikamwambia bibi, "Hapana. Nimekudanganya. Kulikuwa na mpira umefungwa." Akaniangalia. "Nani kafunga?" Nikainamia bandeji yangu. Akanywa uji wake akasema, "Basi bado unaumwa."

Mwisho wa kiangazi wakachukua ngozi pajani wakaniwekea muundini. Ilishika. Daktari alipofungua bandeji akaita wenzake waje waone, nikajisikia nimefaulu mtihani. Mvua za vuli ziliponyesha nilirudi Bweri kwa magongo mawili, nikamaliza msimu kwa gongo moja. Mama Wegesa akaanza kuongea na mimi habari za chumvi na mkaa na ada. Tulikuwa tunaishi vizuri kama wapangaji wawili wenye adabu. Matiku alikuwa ameichukua chenso, anafanya kazi na mtu mwingine, na kila Jumapili anatuma salamu.

Baada ya mwaka mpya tulikwenda Butiama kuwasalimu wakwe zangu, waone kwamba mkwe wao bado ana miguu miwili. Tulishuka kwenye basi tukawa tunapanda polepole, mimi na gongo langu, yeye na kapu kichwani. Tukasikia ule mlio, mwembamba, kama cherehani iliyokasirika. Mwili wangu uliujua kabla ya kichwa. Nikasimama katikati ya njia, gongo nimelishika kwa mikono miwili.

"Ni chenso yenu?" mke wangu akauliza.

Ilikuwa kwenye uwanja wa jirani wa wakwe zangu, wanakata mwarobaini uliokuwa unaegemea jiko. Matiku alikuwa kwenye ngazi. Chini yake alikuwa mwanamume mnene wa hapo hapo Butiama, baadaye nilijua anaitwa Kisiri, amevaa kaptula. Matiku akashuka, mgongo kwetu, akampa chenso. "Mnyororo umelegea, hebu kaza," akasema. "Imelala."

Kisiri akaipokea, akakaa kwenye gogo, akaisimamisha kati ya miguu yake.

Mimi nilibaki nimeegemea gongo. Aliyekwenda ni Mama Wegesa. Alitua kapu chini, akavuka ule uwanja kwa mwendo wake wa darasani, akamwambia Kisiri, "Baba, samahani, toa mkono wako hapo." Kisiri akautoa, kwa sababu huyo mama akisema hivyo mtu hutoa. Akainama akaangalia. Betri ilikuwa ndani. Akabonyeza pale pa kuachia, akaichomoa, akaikumbatia kwapani. Halafu akaangalia mpini. Ukanda wa tyubu, mizunguko minne, fundo lenye kitanzi kimoja kirefu.

Alilishika lile fundo kwa muda. Mke wangu ndiye aliyepewa vitu vyangu na sista siku ile, ndani ya mfuko wa nailoni: saa, kofia, suruali iliyochanika, na ukanda uliokatwa, fundo likiwa bado zima. Anaufahamu vizuri. Alikuwa ameutunza kama mtu anavyotunza kitu kilichookoa maisha.

"Shemeji," Matiku akasema, "mbona hamkututaarifu mnakuja?"

Alinigeukia mimi. "Ule wa mguuni ulitoka hapa."

"Ndiyo."

"Ulijua?"

"Niliona akiuvua."

"Tangu siku ile ile?"

"Tangu siku ile ile."

Nilitegemea hasira yake iende kwa Matiku. Nilikuwa nimeingojea siku hiyo miezi kumi, nimeipanga kichwani mpaka na maneno atakayomwambia. Lakini alikuwa bado ananiangalia mimi, na macho yake yalijaa. "Kwa hiyo nimekaa na wewe mwaka mzima nikikuona mwongo, na ukaniacha. Nimemchinjia jogoo, na ukaniacha. Ulimtunzia huyu siri, mimi ukanitunzia nini?"

Matiku akasogea, akanishika mkono, akasema kwa Kikwetu taratibu nisimwanike mbele ya watu, tutakaa Nyamuswa, atatoa mbuzi. Nikautazama ule mkono. Nikamtazama Kisiri aliyekuwa amekaa kwenye gogo bila kuelewa kitu, miguu yake minene iko wazi kwenye kaptula. Nikaona kwamba kama tungechelewa kwa muda wa kufunga kamba za kiatu, huyu mtu angekuwa chini, na kosa lingekuwa langu pia. Nilikuwa nimemnyamazia Matiku nikidhani kimya changu kinaniumiza mimi peke yangu.

"Ndugu yangu," nikamwambia Kisiri kwa Kiswahili, kwa sauti ya kila mtu kusikia, "mimi naitwa Magesa. Ndiye niliyekuwa nakaa hapo ulipokaa wewe." Nikapandisha suruali. Nikamweleza yote, mti, maji ya kunywa, neno, ukanda, chungwa. Wakwe zangu walikuwa wametoka, na majirani. Matiku alisikiliza mpaka kwenye chungwa, kisha akachukua ngazi yake akaondoka. Hakukanusha. Alisema tu akinipita, "Sasa umefurahi?" Kisiri aliutazama mguu wangu, kisha akautazama wake.

Tangu siku hiyo Matiku hanisalimu, na kule Nyamuswa kuna wazee wa rika letu wanaosema mwenye kosa ni mimi. Hilo linaniuma kuliko nilivyotegemea. Sitaki kudanganya kwamba nimemsamehe. Naota bado natembea naye njia ya kwenda mtoni, tumefunga shuka, asubuhi ile ya kutahiriwa. Nikiamka nakasirika upya.

Chenso iko kwangu, maana siku ile aliondoka na ngazi tu. Kazi nimeirudia kidogo kidogo, miti midogo ya chini, na nafanya na Kisiri. Hatusemi tena "Imelala." Anayekabidhi anatoa betri na kuiweka kwenye kiganja cha mwenzake, na asiyepewa betri hapokei chenso. Suruali za kukatia ziko mbili. Kila Jumamosi tunaifungua ubavuni, tunasugua unga wa mbao kwa mswaki, tunapiga tupa meno ya mnyororo, tunaangalia kama kitufe kinarudi juu chenyewe. Hatufungi kitu chochote kwenye mpini.

Na Mama Wegesa? Jumapili moja baada ya kanisa aliniletea daftari la chekechea, lile lenye mistari mipana, akakaa mbele yangu mezani. "Mara ya kwanza nilikusomea mimi," akasema. "Sasa niambie wewe. Yote, kuanzia kwenye ule mti. Nitaandika, wengine wasome." Nikaanza. Haya mnayoyasoma yalianzia hapo, kwa mwandiko wake. Tulipofika mahali Matiku aliponipa chenso na kusema "Imelala," aliinua kalamu.

"Hapo," akasema, "ulitazama kama betri imetoka?"

Nilitaka kusema kwamba alikuwa Matiku. Nilitaka kusema asubuhi ya Nyamuswa, neno letu, miaka yote ile. Alikuwa anangoja, na nilijua kwamba nikijibu vingine tutarudi kuwa wapangaji.

"Sikutazama," nikasema.

Akabadilisha kalamu, akachukua ile nyekundu, akaliandika hilo neno. Kisha akaweka rula chini yake, akapiga mstari, na kwa mara ya kwanza tangu masika yale akanishika mkono.